Sauti ya Majid kwenye KDE na GNOME

Swaumu uko wapi?? Pokea simu basi.

Si leo tulikutana Msimbazi, dukani kwa Ronak, tulivunje lile kundi letu la Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta? Wanaopenda muonekano wa skrini wa KDE kivyao, wa GNOME kivyao. Tangu tumzike Majid hatuelewani, unajua.

Nami na mdomo wangu huu! Nikasema, "Majid kafa, na umoja wake umekufa."

Ronak akawasha ile kompyuta ya marehemu tufute vitu vya kundi. Akaingia KDE. Sauti ya Majid, Swaumu! Ya Majid mwenyewe: "Karibuni nyote. Kelele mmeziacha nje?"

Nikajibu, "Ndiyo, kaka." Mbele za watu!!

Kajal wa GNOME akadakia, "Kumbe alikuwa anawapendelea nyie." Ronak akatoka KDE, akaingia GNOME.

Sauti ileile. Maneno yaleyale. Alijirekodi akaiweka kotekote imkaribishe kila anayeingia, asionekane ana upande.

Kajal analia.

Miezi yote hii hatujakubaliana hata jambo moja. Leo tumekubaliana: ile sauti haifutwi.

Lakini nani ataiwasha tena ile kompyuta, Swaumu? Mimi siwezi.