Mama Elinipendo, Uliyetubu Kosa Usiloulizwa

Mama, mwaka umeshazunguka tangu asubuhi ile ya Agosti 1999 ulipotuacha hapa Kibiti, na mpaka leo mlango wa uani ukigongwa tunasikilizia sauti yako ikiuliza, "Nani huyo, na miguu umenawa?" Nyumba ina watu, lakini imepoa.

Matangazo ya namna hii hupenda kusema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Sisi tukisema hivyo utatucheka huko uliko. Uligomba na kuku, ukagomba na mvua, ukagomba na Baba kwa kuvua viatu katikati ya njia. Ukimaliza unauliza kama tumekula.

Ulikuja huku bado bibi harusi, kutoka Upareni, ukimfuata Baba yetu Zefania, bwana shamba aliyepangiwa bonde la Rufiji. Ulilia wiki nzima kwa joto na mbu. Halafu ukaiweka cherehani yako barazani ukaanza kushona, na kwa kushona ukazoeana na watu. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa mzima walikuja kupimwa kwako, wakakufundisha wali wa nazi, wakakuita Mama Belinda, kwa jina la binti yako. Hukumhubiria hata mmoja. Ulikuwa ukituambia, "Mtu akikuletea kitambaa chake, mrudishie na vipande vilivyobaki. Mie mahubiri yangu ndiyo hayo." Na kweli ulivirudisha, hata vile vya kushonea kofia ya mtoto tu.

Mitumba ilipoanza kumwagika kwa mabelo, kazi ikadorora. Ukageuka fundi wa kupunguza suruali za Wazungu. "Sasa mtu mwenye miguu mirefu hivi hulala kitanda gani?" ulikuwa ukiuliza huku mkasi unakata.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Mto ukafurika, mpunga ukazama wote, watu wa bondeni wakapanda huku juu na nguo walizovaa tu. Kanisa letu dogo likaletewa msaada wa nguo na mashuka, na kwa kuwa wewe ndiye mjuzi wa nguo, wazee wa kanisa wakakukabidhi ufunguo wa stoo na kazi ya kuchambua. Kila mzee akatengewa mashuka mawili mapya kwa ajili ya usumbufu. Baba alikuwa mmoja wa wazee, kwa hiyo na sisi tulipata.

Kisha wakatangaza kwamba mgawo utakuwa Jumapili, na atakayepata ni yule aliyekaa ibadani tangu wimbo wa kwanza. Mwenyekiti wao, Mzee Nicolaus, alisema hiyo ni njia ya kuwaleta watu kwa Bwana. Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko Krismasi, na wengi waliojaa walikuwa hawajui hata wasimame lini wakae lini.

Wewe ukiwa kwenye kwaya ulimwona Bi Kijakazi. Jirani yetu yule, mtu mzima, asiyekosa swala zake tano, alikuwa amekaa benchi la mwisho, mtandio umemfunika mpaka puani. Wimbo ulipokwisha tu ukashuka ukamwendea.

"Bi Kijakazi, umefuata nini huku?"

"Nimeambiwa nikae, mwanangu, nimekaa. Wajukuu wamenikimbilia toka bondeni, wanalalia magunia."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kanisa lilikuwa kimya, kila mtu alisikia. Ukamshika mkono ukamwinua. Ukawageukia wazee ukasema, "Nguo zigawiwe sasa hivi, nje. Atakayetaka kusali atarudi kwa miguu yake." Ukatoka, ukafungua stoo, ukaanza kugawa. Watu wakakufuata, na mwinjilisti aliyeongoza ibada akabaki na wazee na mabenchi.

Wazee wakakutenga. Usishiriki Chakula cha Bwana mpaka utubu mbele ya kanisa kwa kuvuruga ibada. Watu walidhani hutajali, kwa vile ulivyokuwa mkali. Sisi tuliokaa na wewe tunajua ilivyokuuma. Tangu kipaimara chako hukuwahi kuikosa Meza ile, na sasa chakula cha nyumbani nacho kikawa hakipiti. Baba akakusihi, "Sema maneno mawili tu, mama watoto, yaishe."

"Nitatubu," ulimjibu. "Lakini niacheni nijitazame kwanza."

Mchungaji alipokuja kushirikisha Chakula cha Bwana ukavaa gauni lako la bluu, ukasimama mbele ya wote na kifurushi mkononi. Akakuuliza kama unatubu.

"Ninatubu," ulisema. "Haya ni mashuka ya watu wa mafuriko. Niliyatenga kwa mkono wangu, nikayafungia sandukuni kwangu. Hata siku ile namtetea Bi Kijakazi, yalikuwa humo sandukuni. Kwa hilo nisameheni. Kwa kumtoa Bi Kijakazi nje, nimelitafuta kosa langu, sijaliona."

Ukayaweka mezani. Wake wa wazee wakatazama sakafu, kwa sababu kila mmoja alijua kilichomo sandukuni kwake. Mzee Nicolaus akasema, "Hilo hukuulizwa."

"Najua, mzee. Mngeniulizaje?"

Basi wakakuacha nje ya Meza, ati hukutubu ulichotakiwa. Makanisa mengine yalikuita, na moja lilikuahidi hata uongozi wa kwaya. Hukwenda. Kila Jumapili ulikaa benchi la nyuma, ukaimba sauti yako ya pili kana kwamba kwaya nzima inakutegemea. Wenzako walipoinuka kwenda kushiriki, ulibaki umekaa na mikono mapajani. Hatukukusikia ukimsema vibaya hata mzee mmoja, wewe uliyekuwa unamsema kila kiumbe.

Mwanzoni Baba alikuwa anakwenda Mezani peke yake. Jumapili moja akafika katikati ya kanisa, akasimama, akarudi, akakaa kando yako. Ukamnong'oneza, "Huendi?" Akasema, "Nitakwenda tukienda." Kesho yake akauacha uzee wa kanisa. Ulimgombeza siku nzima, lakini jioni ulimpikia makande ya kwenu, ambayo hukuwa umepika siku nyingi.

Kisha moyo wako ukaanza kuchoka, na ukatutoka kabla hawajakuita tena Mezani. Hilo limetuuma kuliko kifo chenyewe, Mama.

Juzi Mzee Nicolaus alikuja na wenzake wawili, wakaketi barazani. Alisema wamekaa kikao, wamekubaliana kulirudisha jina lako kundini, ili kumbukumbu yako isomwe kanisani kama ya Wakristo wengine. Alisema kwa heshima, na tuliona si jambo jepesi kwake.

Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Asanteni, wazee wangu. Lakini mtamrudisha vipi mtu ambaye hakutoka? Jumapili zote alikuwamo. Tuliotoka ni sisi."

Wale wawili wakatazamana. Mzee Nicolaus alivua miwani, akaifuta, asiivae tena.

"Basi jina lake liacheni lilivyo," alisema. "Jumapili nitasimama mimi mbele, nitubu."

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii, hapo hapo kanisani kwetu. Ndugu, jamaa na majirani wote wanakaribishwa, wa dini yoyote, na chakula kitaliwa nyumbani, hata na wale ambao hawatakuwa wameingia kanisani.

Unakumbukwa na mumeo Zefania, wanao Belinda na Eliamani, mkweo Winifrida, wajukuu zako, dada zako na kaka zako wa Upareni, pamoja na majirani zako wa Kibiti.

Mama, siku zote tutakazoishi, hatutakusahau.