Neno Nililosahau Kumwambia Mzee Shabani

Carama, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Feza,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla hujaanza kunigombeza niambie kwanza Mama anaendeleaje. Kidonda cha upasuaji kimefunga? Anakula ugali sasa, au bado ni uji na malalamiko? Na mgongo wako wewe? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho kilichonisumbua, na ndicho kinachonifanya nikuandikie.

Najua umekasirika. Huu ni mwezi wa tano unapiga, simu inalia, sipokei, halafu nakutumia ujumbe wa maneno matatu. Mama Riziki, huyu anayepeleka vitenge huko na ambaye amekuletea barua hii, ameniambia unatangaza Kalemie nzima kwamba nimeoa mwanamke mkali. Sijaoa. Simu naiogopa, Dada. Na pia lazima ujue kwa nini nitakachotuma cha dawa za Mama kitapungua.

Karate ile ile ambayo Mama alikuwa anatuchapa kwa ajili yake ndiyo jembe langu hapa. Asubuhi nafundisha walinzi, watu wazima wenye vitambi wanaosinzia wakiwa wamesimama. Jumamosi nina darasa nyuma ya kanisa. Lakini aliyekuwa ananiweka mjini hasa ni mtu mmoja, Mzee Shabani wa Buyenzi, fundi wa magari aliyestaafu. Daktari alimwambia atembee kila siku kwa ajili ya moyo. Yeye akasema kutembea ni kazi ya mbuzi, akanitafuta mimi. Aliondoa magari yote kwenye gereji iliyo ubavuni mwa nyumba yake, akatandika mikeka minene, akanunua kimono cheupe cha karate. Jumatatu na Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa wawili tu mle ndani. Aliniita Metre, kama wanavyowaita walimu wa karate hapa, ingawa ningeweza kuwa mtoto wake wa mwisho.

Hakuwa mwepesi. Nyonga yake ya kulia iliharibika kwa miaka ya kulala chini ya magari, kwa hiyo kila alipotaka kugeuka aliuburuta mguu kwanza. Hatua, hatua, mguu unaburuzwa, pumzi. Ningemtambua nikiwa nimefumba macho. Nilimpenda sana yule mzee.

Sasa kumbuka siku ile uliyonipigia kuniambia Mama ameamka salama baada ya kupasuliwa. Ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa kazini kwake. Niliona jina lako nikamwambia, "Endelea, Mzee. Usisimame mpaka niseme yame." Yame ndilo neno letu la kusimamisha, wewe unalijua. Nikatoka nje mpaka kwenye kona. Na wewe Dada ukishika simu hujui kufunga mdomo. Ulimpa Mama, ukampa shangazi, ukampa mpaka jirani nisiyemjua. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi Mzee Shabani alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, ngumi zote mbili amezifunga, na roho imeshatoka.

Sikulaumu. Nimeliandika kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa mengine.

Walipokuja watu, nilisema nilikuwa namwangalia na akaanguka ghafla. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Siku ya mazishi, kabla ya kumswalia, ndugu yake alisimama akauliza kama kuna mtu yeyote mwenye jambo na marehemu ambalo halijaisha, aseme sasa. Nilikuwa nyuma kabisa, Mkristo peke yangu, viatu mkononi. Niliacha swali lipite.

Baada ya wiki tatu Mwajuma, binti yake, akanifuata Carama. "Metre, Mama anakuomba ukuje. Siku zile zile, saa ile ile. Atakulipa kama zamani." Nikauliza nije kumfundisha nani. Akatazama chini. "We kuja tu."

Mjane wa Mzee alikuwa kwenye eda, hatoki wala haonani na wanaume. Lakini gereji ina mlango wake wa barabarani, na dirisha dogo la jikoni linatazama ndani yake, lenye pazia la kijani. Aliongea kutokea nyuma ya pazia.

"Metre, mi siko mujinga. Najua mutu akikufa amekufa. Mashehe wamesoma, dua tumepiga. Lakini Jumatatu na Alhamisi, kuanzia alasiri mpaka magaribi, nasikia miguu yake humu ndani. Anachoka. Nasikia anachoka. Wakati ulikuwa unamuhesabia alikuwa anaenda pole pole. Basi, muhesabie."

Nilidhani ni majonzi. Na nikawaza dawa za Mama, sitakuficha. Nikasimama mbele ya mikeka mitupu, mchana mweupe, jua linaingia kwa matundu ya bati, nikaanza kuhesabu kwa Kijapani mpaka nikaona haya. Hakukuwa na kitu. Wiki nzima ya kwanza hakukuwa na kitu, na ya pili pia.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimeupa mkeka mgongo. Nikasema ichi. Kimya. Nikasema ni. Kimya. Nikasema san, na nyuma yangu mguu ukaburuzwa.

Sikugeuka. Mdomo uliendelea kuhesabu wenyewe. Hatua, hatua, mguu unaburuzwa, pumzi. Nilipofika mwisho nikachukua begi langu nikatoka nikitazama ukuta. Karibu na mlango nilipita kwenye kimono chake, kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari. Mjane alikuwa anakifua kila Jumapili. Makwapa yalikuwa yameloa.

Utaniuliza kwa nini nilirudi Alhamisi. Nilirudi kwa sababu nilijua anachokisubiri. Unakumbuka yule mwalimu wetu wa karate utotoni alivyokuacha umechuchumaa na mikono mbele, akaenda kunywa chai akakusahau? Mama alikukuta jioni unatetemeka, bado uko vile vile, kwa sababu hakuna aliyesema yame. Mwanafunzi mzuri hatoki mpaka aambiwe. Mzee Shabani alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliopata. Nililijua lile neno, lilikuwa mdomoni, na sikulisema. Kulisema mbele ya lile pazia ilikuwa ni kukiri kwamba nilidanganya. Na aliyemwachilia, kesho yake anakuja kufanya nini tena pale? Nani angemlipa? Nikawa namhesabia mfu, Dada, namchosha, naendelea kulishwa kwa miguu yake. Kila wiki ile pumzi ilikuwa nzito zaidi.

Alhamisi hii iliyopita nilipoingia, pazia likaniwahi.

"Eda inabaki siku tatu. Mwajuma anataka nihamie kwake Gasenyi. Nyumba watapangisha. Sasa huyu nitamuacha na nani?"

Nikakaa chini palepale. Nikamwambia yote. Simu, kona, kicheko, ngumi zilizofungwa, na neno.

"Hilo neno," akasema, "ni refu?"

"Apana, Mama. Ni neno moja."

"Moja tu."

"Moja tu."

"Miezi mine, Metre," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Miezi mine mume wangu anatembea. Kwa neno moja."

Wakati anasema hivyo miguu ilikuwa imeshaanza, bila mimi kuhesabu. Hatua, hatua. Nilipiga magoti mwanzoni mwa mkeka kama tunavyofanya mwisho wa somo, nikaweka mikono chini. Nikasema, "Yame, Mzee."

Mguu ulikuwa katikati ya kuburuzwa. Ukasimama. Halafu nikasikia, kama ninavyokusikia wewe ukipumua kwenye simu, magoti yakishuka taratibu kwenye mkeka mbele yangu, la kushoto kwanza, la kulia baadaye kwa sababu ya ile nyonga. Nikainama. Sikuthubutu kuinua macho. Kichwa changu kilipokuwa chini, kitu kikapita juu yangu, hewa ya baridi kidogo yenye harufu ya grisi, kikaelekea mlangoni. Hapakuwa na kingine.

Mjane alikuwa analia nyuma ya pazia. Nikamwomba msamaha.

"Kwa upande wake, nimekusamehe," akasema. "Kwa upande wangu, bado. Usirudi hapa mpaka mimi nikuite."

Hiyo ndiyo kazi iliyokwisha, na ndiyo sababu ya kupungua kwa dawa. Nitatafuta nyingine. Kuna mtu wa Kanyosha anataka mlinzi anayejua kupigana. Jana darasani nilisema yame mara tatu kila baada ya zoezi, nikawatazama mmoja mmoja mpaka wote wakasimama. Walinicheka. Waache wacheke.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi, na shemeji yangu mvuvi wa dagaa asiyejua kukunja ngumi, na yule jirani aliyenisalimia siku ile bila kunijua. Watoto wako uwapige busu.

Jambo la mwisho, Dada, na usinicheke. Siku ile naondoka, tukiwa bandarini na mambo ni mabaya huko, ukanishika bega ukasema: "Nenda ufanye kazi, usirudi mpaka nikwambie." Nikaitika. Tangu siku hiyo ni miaka saba. Siku hizi nikitembea nasikiliza miguu yangu mwenyewe, nami nachoka. Labda ulisema tu kama watu wanavyosema kwenye kuagana, halafu ukaingia kwenye mambo yako ukasahau. Mimi bado niko pale uliponiacha.

Ukiwa na neno la kuniambia, piga simu. Hiyo nitapokea.

Mdogo wako anayekupenda,
Kalonda