Bukuru Mwenye Pengo na Bukuru Asiye na Pengo

Mama Skola,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba siri. Haya ninayokuandikia usimsimulie mtu yeyote huko uliko, hata awe mtu wa Kitanga mwenzako, hata awe wa ukoo wenu. Ukikutana na baba yangu (ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto) msalimie sana, lakini usimwambie neno. Baba hakuweza kuweka siri alipokuwa hai, na sidhani kama kufa kumembadilisha. Ukishasoma, ifanye barua hii vile mnavyofanya karatasi huko. Nakala sijabaki nayo. Unajua mimi ni mtu wa kuweka nakala ya kila kitu, kwa hiyo utapima mwenyewe jinsi ninavyoogopa.

Ulituacha wakati watu wanang'oa maharage. Tulikupeleka Kitanga kwa gari la kanisa, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa saa tatu asubuhi. Mimi nilikaa nyuma, karibu na miguu yako. Niliona kama vile gari limesimama na vilima ndivyo vinavyotembea, kimoja baada ya kingine, vinakuja kuaga na kurudi nyuma. Makaburini waliimba kwa Kiha. Sikujua maneno, nikawa nafungua mdomo tu ili nisionekane mgeni. Nisamehe kwa hilo pia.

Kasulu ni ile ile. Soko limepwaya tangu wakimbizi wa kambi ya Mtabila warudi kwao Burundi. Mikaratusi ya nyuma ya ofisi bado inanong'ona kana kwamba kuna watu wanasubiri zamu. Mratibu wa kituo alinipa meza yako na ufunguo wa kabati. Akasema, "Dada, kuanzia leo barua zote ni zako." Nilikaa kwenye kiti chako nikakuta umeacha umbo lako kwenye mto. Sikuligusa wiki nzima. Nilikalia ukingo.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponifundisha kazi. Ulinionyesha kabati ukasema kila faili ni mtoto mmoja, yatima au anayekaribia kuwa yatima, na kila mtoto ana mtu mmoja ng'ambo, muumini asiyemjua, aliyebandika picha yake ukutani na kumtaja katika sala. Mtoto anaandika kwa Kiswahili, sisi tunatafsiri, tunabana karatasi mbili pamoja kwa pini, tunatuma. Mimi na diploma yangu nikaandika barua ya kwanza imejaa huzuni. Uliisoma, ukavua miwani. "Karani wa watu, huyo bibi anajua kwamba mtoto ana shida, ndiyo maana alimpokea. Mwandikie jana alifanya nini." Basi nikaanza kuuliza watoto jana walifanya nini, na dunia ikawa kubwa. Mbuzi aliyekula daftari. Mvua iliyonyesha upande mmoja wa njia. Mtoto aliyeota anakwenda shule akiwa mgongoni kwa samaki.

Sasa nikwambie kuhusu Bukuru.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya watoto kuja kituoni. Bukuru wa Murubona alikuja akiwa na pengo, jino la juu la pembeni limeng'oka jana yake. Alinionyesha kwa fahari, nikalitia kwenye tafsiri. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, gauni lile lile la bluu, ndala zile zile zenye uzi mwekundu, akacheka, na jino lilikuwa limerudi.

Mama, niliangalia lile jino mpaka mtoto akafunga mdomo. Nilidhani ni uchovu. Nilidhani ni wewe, labda unanichezea ukiwa huko. Nikarudi kwenye kabati, nikatoa barua zake zote za miaka miwili, nikazipanga mezani. Moja herufi zimesimama wima kama miti ya uzio. Inayofuata herufi zimelala kama majani yaliyopitiwa na upepo. Wima, lala, wima, lala, miaka miwili yote. Na mimi nimezitafsiri zile za mwisho kwa mkono wangu bila kuona.

Nilipanda Murubona kwa miguu. Bibi yao alikuwa uani anapepeta maharage. Hakushangaa, akanisalimu kwa Kiha. "Mwidiwe, Karani. Karibu ukae. Umekuja kuhesabu wajukuu zangu?" Nyuma yake walikuwa wamesimama Bukuru mwenye pengo na Bukuru asiye na pengo, wameshikana vidole vidogo, wakinitazama kama mtu mmoja aliyesimama mbele ya maji.

Mimi mtu wa Singida sikujua. Nilikuwa nimeshaona akina Bukuru watano kwenye mafaili na sikuwahi kuuliza. Bibi ndiye aliyenifundisha, tena kwa kunicheka: "Umesoma wapi wewe? Bukuru ni pacha mkubwa. Penye Bukuru pana Butoyi." Akaniambia kwamba mapacha hawachaguliwi. Ukimpa mmoja kiatu, mwenzake apate kiatu. Ukimpikia mmoja, mwenzake ale hicho hicho, kiasi hicho hicho. Ukimwacha mmoja, ataugua kwa uchungu, na akiugua atamvuta mwenzake, na utazika wawili. Akanisimulia ulivyofika kwake. "Mama Skola alikuja na karatasi yake, akanisomea: mtoto mmoja kila nyumba. Nikamwambia basi rudi nayo. Akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akanyamaza mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Halafu akaandika Bukuru. Akasema, hii nafasi ni moja, waikalie kwa zamu."

Kwa zamu. Jumamosi ya Bukuru, Jumamosi ya Butoyi. Anayekwenda anavaa gauni, anaitika "Bukuru", na akirudi anamsimulia mwenzake kila kitu, hata mzaha wa mwalimu, hata nani alianguka, ili wiki ijayo asipotee. Nilipomuuliza mpishi wetu, aliinama kwenye sufuria kuficha kicheko. Ndipo nikaelewa kwa nini kila Jumamosi alifunga nusu ya wali wa Bukuru kwenye jani la mgomba. Niliwahi kumuuliza, akasema ni wa kuku. Walijua wote, Mama. Mpishi, mlinzi, walimu. Wageni tulikuwa wawili tu, mimi na Mratibu, na wewe ulituacha tulale.

Nilikukasirikia. Nasema kweli. Sheria ya shirika unaijua: taarifa ya uongo kwenye faili, nyumba yote inafutwa. Ningesema, wote wawili wangetoka. Ningenyamaza, uongo ungekuwa wangu. Nilinyamaza. Miezi kadhaa nilitafsiri wima, nikatafsiri lala, na kila nilipobana pini niliona kama nabana kidole changu. Lakini niseme na hili: barua zao zilikuwa nzuri kuliko zote. Zilikuwa kama za mtoto anayeishi mara mbili. Wiki hii alikuwa shambani akaona kinyonga, wiki ijayo alisimuliwa habari za kinyonga na kumwota. Wakati mwingine nilisahau hofu. Nilitafsiri nikiwa kama nimelala.

Kisha bibi wa ng'ambo akaandika kwamba anakuja kumwona Bukuru wake.

Siku aliyofika ukungu ulishuka mpaka dirishani. Mgeni alikuwa mzee, mdogo wa umbo, anatembea na fimbo, amebeba gauni moja la njano kwenye mfuko. Ilikuwa zamu ya Butoyi. Nilimwomba bibi yao ambakize mwingine nyumbani, angalau siku moja tu. Akanijibu, "Wewe unaweza kuuacha mguu nyumbani?" Kwa hiyo nilijua Bukuru yupo nje ya uzio, ndani ya ukungu, anasubiri kusimuliwa.

Tulikaa wanne: mgeni, mtoto, Mratibu na mimi katikati nikitafsiri. Mgeni aliuliza habari za kinyonga, mtoto akajibu vizuri. Nikaanza kupumua. Kisha mgeni akatoa kadi na kalamu, akamwomba aandike jina lake. Butoyi akaandika BUKURU, herufi wima kama miti ya uzio. Mgeni akaitazama ile kadi muda mrefu. Akanigeukia, akauliza kwa upole kabisa, "Na yule mwingine, anayelaza herufi, yuko wapi?"

Mratibu anajua Kiingereza. Kalamu yake ilisimama. Mtoto alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Ningeweza kusema ni mkono umechoka. Ningeweza kusema ni mimi ninayemwandikia. Maneno yote mawili yalikuja mpaka kwenye meno. Lakini niliona kwamba nikisema lolote kati ya hayo, yule aliye nje ya uzio anakwisha. Atakuwa hajawahi kuwapo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfuta.

Nikasema, "Yuko nje. Wako wawili."

Nilikwenda mwenyewe kumchukua. Umande ulikuwa umemkaa kwenye nywele. Waliposimama pamoja mbele ya mgeni, yule bibi alifunika mdomo kwa mkono. Akatoa lile gauni la njano akalinyoosha. Mama, hakuna aliyenyoosha mkono. Walilitazama tu, wote wawili, kwa heshima, kama unavyotazama kitu cha jirani. Mgeni akawatazama, akalitazama gauni, akalikunja polepole akalirudisha mfukoni. Alielewa bila karani.

Mratibu hakupiga kelele. Yule si mtu mbaya, anaogopa waliomzidi kama mimi ninavyomwogopa yeye. Faili likasimamishwa, na watoto wakaambiwa wasije mpaka jibu litoke makao makuu. Jumamosi mbili kituo kilikuwa na kimya cha watu wawili. Mratibu akaniita nieleze kwa maandishi. Akafunga mlango, akashusha sauti: "Dada, andika kwamba ni marehemu. Yote. Marehemu hapewi barua ya onyo."

Hapa ndipo penye siri, Mama, kwa hiyo soma taratibu.

Nilikaa na ile karatasi tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Mwanzoni niliandika alivyotaka. Nilikuweka wewe kwenye kila mstari. Ilikuwa safi, imenyooka, Mratibu angefurahi. Nikaisoma mara tatu kama ulivyonifundisha, na mara ya tatu nikasikia kama mtu anavua miwani. Nikaichana. Nikaandika upya kwamba mimi nilijua tangu jino liliporudi, na niliendelea kutafsiri kwa hiari yangu. Huo ni ukweli. Kuhusu wewe niliandika kwamba ulijaza fomu moja badala ya mbili kwa makosa, kwa kutojua ni mapacha. Huo ni uongo, na ndio uongo pekee kwenye ukurasa ule. Mwanamke wa Kitanga aandike Bukuru asijue kuna Butoyi! Mpishi akiusikia atacheka mpaka amwage maharage. Lakini makao makuu hawajui. Sikutaka jina lako lilazwe kwenye faili pamoja na neno "udanganyifu". Kama huko kuna anayeuliza, tafadhali tuseme kitu kimoja.

Jibu lilitoka. Yule bibi wa ng'ambo alikuwa ameshawaandikia kabla yetu: anawapokea wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Makao makuu wakakubali. Butoyi ana faili, Mama. Nililifungua mimi mwenyewe, nikabandika picha, nikaandika jina lake la kwake kwa wino mweusi. Aliliangalia akauliza, "Sasa Jumamosi nije kila wiki?" Nikamwambia kila wiki. Akafikiri, akasema, "Basi nani atanisimulia?"

Mimi nilipewa barua ya onyo na uhamisho. Mezani kwako anakaa kijana mpole kutoka Tabora. Nimemwachia mto. Nimemwambia aulize watoto jana walifanya nini.

Lala salama, Mama Skola. Sikukasirikii tena. Nakuahidi sitaandika jina la mtoto nikiwa nimekaa ofisini. Nitakwenda kwao kwanza, nikae uani, ninyamaze mpaka niwaone wote waliomo, ndipo nifungue kalamu. Na nikikuta nafasi ni moja na watoto ni wawili, nitaogopa, lakini nitauliza kwa sauti.

Ukitaka kunipata, usiende tena Kasulu. Niko Kibondo. Ukishapita soko, chukua njia ya udongo inayoshuka kwenye migomba, uhesabu nyumba mpaka ile ya fundi cherehani mwenye mbwa mweupe. Mbwa hana neno. Chumba changu ni cha nyuma, dirisha lina pazia la kanga. Usije mchana, nakuwa na watu. Njoo alfajiri, ukungu ukiwa bado chini, ndio wakati ninaoota vizuri. Usigonge, maana nitadhani ni barua nyingine kutoka makao makuu. Kaa tu ukingoni mwa kitanda uniite "Karani wa watu". Nikishtuka usiondoke. Huwa nashtuka kwanza, halafu natulia.