Kilometa Nilizokusomea

Papa Neema, ndugu yangu,

Sijui nani atakusomea barua hii. Karatasi zote zilizokufikia ulikuwa unaniletea mimi: ya matibabu, ya shule ya Neema, ya ushuru. Ulikuwa unasema nilikaa darasani miaka sita, basi mitatu ni yangu na mitatu ni yako. Nilitaka kunyamaza tu. Lakini kuna jambo ambalo hata aliyekufa anapaswa kulijua, na hapa Kamembe sina mwingine wa kumwambia. Kwetu Shabunda ni mbali, na mama yangu akisikia atalia bure.

Nianze na habari za nyumbani. Maharage yako ya Rwimbogo yalivunwa, shemeji zako walikuja kusaidia. Neema amerudi shuleni. Mimi nimerudi mpakani kubeba mizigo. Magunia ya unga, katoni za sabuni, mabati. Ule mwaka mmoja na nusu wa gari yetu, wewe ukiendesha na mimi nikipakia, kidonda cha bega langu kilikuwa kimeanza kufunga, sasa kimefunguka tena. Sikulaumu kwa hilo.

Ulizikwa vibaya, Papa Neema. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Ulipoanguka na gari kule kwenye mteremko wa kwenda Bugarama, ile dumu ya pombe ya ndizi ilipasuka, na waliofika kwanza waliikuta gari yote inanuka pombe, wewe ndani yake umelowa. Hawakuuliza dumu ni ya nani. Ilikuwa ya yule mzee wa Bugarama aliyekuwa anapokea mahari ya binti yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipakia, nikaifunga kwa kamba nyuma ya kiti chako. Niliwaambia. Wakanijibu kwamba rafiki siku zote humwosha rafiki yake.

Unajua kanisa lenu linavyokataza pombe. Wazee walikaa, wakaamua kwaya isiende. Miaka yote ile uliyoimba sauti ya chini, na siku yako hawakuja. Majirani wanawake waliimba nyimbo mbili, mvua ikaanza, tukafukia. Tangu hapo pale sokoni jina lako likawa mfano. Kijana akitaka kuendesha pikipiki amekunywa, wanamwambia, angalia usiwe Papa Neema. Na Mama Neema anapita hapo hapo na beseni lake la nyanya, anasikia.

Siku ya kumaliza kilio tulikaa wote kwenye ua wako. Baba mkwe wako akasimama, akauliza kama desturi ilivyo, nani ana neno na marehemu, alitoe sasa tusibaki nalo. Mmoja akasema uliazima jembe lake. Mwingine akasema alikukosea juu ya mpaka wa shamba, akaomba msamaha. Mimi nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa kooni. Nikalishusha kwa chai.

Neno lenyewe unalijua, ila hukujua uzito wake. Wala mimi sikuujua, mpaka wiki tatu baadaye, nilipokwenda kwa fundi kuangalia kitu gani kinaweza kuuzwa kwenye mabaki. Alikuwa ameshafungua gurudumu la mbele kushoto. Akaniwekea mkononi kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu, kile wanachokiita rotili. Kilikuwa kimelika mpaka kimetoka kwenye kikombe chake. Akasema gurudumu lililala kwanza, ndipo gari ikaondoka barabarani. Hakuna dereva ambaye angeishika, hata malaika. Nikamwambia haiwezekani, gari hii bado ni changa, haijafika kilometa laki moja. Hakubisha. Aliendelea kung'oa kapeti ya chini upande wa dereva, na chini ya kapeti kulikuwa na kadi, ile ambayo mafundi huandika kila wanapobadilisha oili. Imekauka, ina madoa, lakini inasomeka. Nikaisoma mara nne.

Siku tunanunua, kwenye dashibodi ilikuwa elfu sitini na nne. Kadi imeandikwa miaka miwili kabla ya siku hiyo, na inasema laki tatu na elfu themanini na moja.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Fundi alinionea huruma, akasema kuna watu kazi yao ndiyo hiyo, wanarudisha namba nyuma kama mtu anayerudisha saa.

Unakumbuka ile siku? Mimi naikumbuka kila ninapoinama kupokea gunia. Yule muuzaji mwenye kofia alikuwa amevisha viti nguo mpya, usukani umepakwa kitu unang'aa. Wewe hukuangalia hayo. Uliinama miguuni, ukaivua ile raba mpya ya pedali ya breki kwa kidole gumba, ukagusa chuma chake. Ukaniita pembeni, ukasema polepole ili asisikie, "Etiene, hii chuma imelika. Batu bengi bamekanyaga hapa." Mimi nikaingia, nikawasha, nikakusomea namba kwa sauti kubwa, moja moja, kama mwalimu. Na nikakucheka. Nikakuambia, "Namba haisemake bongo, haidanganyake, Papa Neema. Kidole yako haikusoma."

Ulicheka na wewe. Ukasema sawa, mwenye macho ameona. Uliniamini kwa sababu ya miaka yangu sita.

Na hayakuishia pale. Ungekuwa unasikia, ningekuomba ukae. Tulikubaliana vile vifundo vya mbele tuvibadilishe ikifika laki moja, ndivyo tulivyoambiwa na watu. Kila Jumamosi jioni ukirudi kutoka Ruhwa na nyanya ulikuwa unaegesha, unasema, "Soma." Nasoma, naandika kwenye daftari. Na miezi miwili ya mwisho, kila Jumamosi, uliniambia, "Iko inagonga mbele huku." Mimi nafungua daftari. Nakuambia bado, tuko elfu tisini na moja. Bado, tisini na mbili. Hukubishana hata mara moja. Uliniuliza tu kama nina hakika, nikakuonyesha ukurasa, wewe ambaye hukujua ukurasa unasema nini, ukatikisa kichwa kwa heshima.

Hilo ndilo neno nililolimeza siku ya kilio.

Nilimtafuta muuzaji. Bado yuko Kamembe, hakukimbia, kwa nini akimbie. Nilimkuta amekaa juu ya gari nyingine anakula ndizi za kuchoma. Nikamwonyesha kadi. Aliitazama kidogo, akanirudishia, akafuta vidole. Akasema, "Miye nilikutajia namba? Si weye ndiye ulisoma." Nikatafuta siku ile yote kichwani mwangu, Papa Neema, na ni kweli. Hakutaja namba hata moja. Alisimama tu akanisikiliza ninavyosoma. Nilikuwa na nia ya kumpiga. Nikaitia kadi mfukoni, nikaondoka.

Kisha akaja mtu kwa fundi, hataki injini wala milango. Anataka dashibodi tu, yenye namba zake ndogo, akaifunge kwenye gari nyingine. Alitoa bei nzuri kuliko mabaki yote. Nikachukua nyundo ya fundi, nikaivunja mbele yake. Nusu ya gari ile ilikuwa ya Mama Neema, kwa hiyo nilivunja na chake bila kumwuliza. Hilo pia niliongeze juu ya mengine.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenda Rwimbogo. Kifundo nilikifunga kwenye kipande cha gunia. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikainua mkono, na wazee wakatazamana, maana mimi si wa kanisa lao, lakini wakaniita mbele. Sikujua kusema vizuri. Nilisema dumu ilikuwa ya nani na ilikuwa inakwenda wapi. Nikatoa kile chuma, kikapita mkono kwa mkono kwenye mabenchi, na kila mmoja alikitikisa, kikacheza kama jino la mzee. Bibi mmoja alifuta mafuta kwenye kitenge chake. Nikawaambia habari ya kadi. Hapo ningeweza kukaa. Jina lako lilikuwa limeshatoka kwenye pombe, nililiona kwenye nyuso zao. Muuzaji ndiye angebaki mbaya peke yake.

Lakini Mama Neema alisimama. Alikuwa benchi la tatu, na Neema pembeni yake. Aliuliza mbele ya watu wote, "Alikuambiaka kama inagonga?"

Nikasema ndiyo.

"Mara ngapi?"

Nikasema kila Jumamosi, miezi miwili.

Akaja mbele, akaishika ile kadi, akaitazama sana, kisha akanirudishia akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Laki tatu na elfu themanini na moja. Sauti yangu ilikatika kwenye themanini, nikaanza upya. Aliposikia yote akasema taratibu, bila hasira ninayoweza kukueleza, "Etiene, usikanyage tena kwangu. Ule muntu alikuwa anakuamini kuliko miye." Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Neema aligeuka mara moja mlangoni. Ana macho yako.

Wazee wakainamiana, wakanong'onezana. Mkubwa wao akasema walikukosea, na kwamba kosa la kaburini halilipwi ila kwa wimbo.

Jumamosi iliyofuata kwaya ilikuja kwenye kaburi lako, pale shambani kwako, wote, na sare zao. Sikuingia shambani, nilibaki juu barabarani kwa sababu ya lile neno la Mama Neema. Waliimba zaidi ya saa moja. Sauti ya chini ilikuwa nyembamba, hawajapata mtu wa kuziba nafasi yako. Nilimwona Mama Neema amekaa kwenye mkeka, mgongo wake umenielekea. Baadaye aliinua mkono na kuimba pamoja nao. Sokoni sasa wanasema ilikuwa chuma. Wengine wanasema ilikuwa Etiene. Wote wawili wamesema kweli.

Papa Neema, nimechoka. Sina cha kukuomba. Msamaha ni wa mtu anayeweza kukataa, na wewe huwezi, kwa hiyo nikikuomba nitakuwa nakuibia. Mama Neema anaweza, na amekataa. Naheshimu.

Lala sasa, ndugu yangu, ulale safi. Ahadi yangu ni ndogo, ya mtu wa mpakani. Bado wapo wanaokutaja kwa pombe, hasa wale wa ng'ambo, upande wa Bukavu, ambao ile Jumapili haikuwafikia. Wanapenda kusimulia wakati mimi natembea mbele yao na mzigo wao. Unajua gunia ukilitua katikati ya kilima huwezi kulipandisha peke yako, na mwenye mali humwita mwingine, malipo yakawa yake. Nikisikia jina lako, nitalitua. Nitageuka, niwaambie yote, na habari ya daftari la Jumamosi pia. Kisha wamwite mwingine.

Etiene