Usiinuke Mpaka Nije

4 Machi

Kwako Bisibisi wangu,

Hujambo mwanangu? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya hukohoi? Mimi sijambo kutoka kiunoni kwenda juu. Kutoka kiunoni kwenda chini kuna habari, ila keti kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa napiga bandi gauni la mwalimu kabla ya kulipitisha cherehani. Nikarudi nyuma nikae kwenye kigoda changu, kumbe mama yako mdogo amekisogeza ili afagie. Nikakaa chini, pu! Wala si kuanguka kwa maana ya kuanguka, ni kukaa tu, sema sakafu ilikuwa mbali kuliko nilivyozoea. Tangu hapo nikikanyaga naona nyota mchana kweupe.

Wamenipiga eksirei. Mfupa wa nyonga una nyufa, mbele na nyuma. Daktari wa mifupa wa hapa, yule tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, niliyemshonea kaptula za shule, anasema mifupa yangu imekuwa biskuti iliyosahauliwa nje ya kopo. Anataka nianze kusimama kidogo kidogo na fremu ya chuma ya kushikilia, huku nikimeza dawa za maumivu. Maumivu yakikataa, atanitoboa kwa nyuma aingize skrubu, kwa mkono wake mwenyewe, akiangalia picha.

Nikamwambia ngoja kwanza, baba. Mimi nina binti anayetunza roboti ya upasuaji kwenye hospitali kubwa, siwezi kutobolewa bila yeye kujua. Basi niandikie, nifanye nini? Simu usipige, sikio langu unalijua, nasikia nyuki tupu. Na sheria ya nyumba hii unaijua pia: neno la mdomo si oda. Tangu yule bibi harusi aliyeapa kwamba hakuniagiza mikono mirefu, bila maandishi sikati kitambaa. Na nyonga yangu je?

Jibu upesi. Kulala siwezi, kukaa siwezi, na gauni la mwalimu linaning'inia hapo linanitazama.

Mama yako


7 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako sijatulia. Nimefungua sanduku la vifaa, nimelifunga, nimelifungua tena. Wenzangu wameniuliza natafuta nini, nikasema sijui.

Mwambie mama mdogo roboti yenyewe si jitu la chuma linaloshika kisu. Ni mkono mrefu wenye kamera. Unasomeshwa picha ya mfupa, daktari anachora kwenye skrini njia ya kupitisha skrubu, kisha mkono unaelekea pale pale na kutulia tuli. Hauchoki wala haupigi chafya. Nyuma ya nyonga, Mama, njia ya skrubu ni nyembamba, na mishipa ya fahamu imepita kando yake. Kwa njia ya kawaida daktari anapiga picha, anasukuma kidogo, anapiga picha tena, anasukuma. Daktari Kobe namheshimu, lakini wewe si nguo ya mitumba ya kujaribia.

Tatizo ni moja. Kamera ya roboti imekufa, na spea iko njiani. Ikifika nitaifunga mwenyewe, nitaipima, kisha nitakuja kukuchukua.

Kwa hiyo hii ni oda, na nimeiandika: USIINUKE MPAKA NIJE. Usikanyage chini, usijaribu hiyo fremu, usikae hata ukingoni mwa kitanda. Mashine ikipata ufa haiwashwi. Inazimwa, inafunikwa, anasubiriwa fundi. Fundi ni mimi, na nakuja.

Bisibisi, mwanao


17 Machi

Kwa fundi wangu,

Marahaba mwanangu. Umekula leo, au unaishi kwa chai ya kazini? Sisi hapa tupo. Mimi nipo zaidi kuliko wote, maana siendi popote.

Barua yako mama yako mdogo ameibandika ukutani kwa pini zangu. Amekuwa askari. Nikisogeza kiwiko tu, ananionyesha ukuta: "Dada, imeandikwa!" Ananilisha kwa kijiko kama kinda la ndege, na kitanda sikiachi kwa lolote, mengine usiniulize. Mimi niliyesimama kwenye meza ya kukatia nikiwa na mimba yako mpaka uchungu ukanishika, leo nahesabu mabati ya dari. Nimeyahesabu mpaka yamenichoka.

Kobe alikuja, kaleta fremu mwenyewe mkononi. Akasema, "Mama, kulala huku hakufai, simama hata mara moja nikushike." Nikamwonyesha ukuta. Akasoma barua yako polepole kama anavyofanya kila kitu, kisha akauliza, "Huyu ni daktari?" Nikamwambia ni zaidi ya daktari, daktari anaishika ile mashine, yeye anaifungua. Akakasirika. Kobe kukasirika si jambo dogo, shingo yote ilitoka nje. Fremu kaiacha mlangoni, mama yako mdogo anaanikia vitambaa vya vyombo.

Mengine ni madogo madogo. Kisigino kinawaka moto kwa kulaliwa. Kikohozi nadhani umenitumia kwa barua. Na mguu wa kushoto umevimba kidogo chini ya goti, unauma ukiubonyeza, ila mama yako mdogo anaukanda vizuri.

Spea imefika? Usinielewe vibaya, nasubiri. Oda ni oda. Lakini Bisibisi, jana nilijaribu kukunja vidole vya miguu chini ya shuka, nikaona vinanifikiria kwanza kabla ya kukubali. Hilo halikunipendeza.

Mama yako


21 Machi

MAMA,

Shikamoo, na nisamehe, salamu nyingine baadaye.

INUKA. Hii ndiyo oda mpya. Ile ya ukutani ing'oe.

Leo asubuhi tulikuwa tunakunywa chai na daktari wetu wa upasuaji, yule mama tunayemwita Rula. Nikamsimulia habari zako, nikijisifu jinsi nilivyokutuliza. Nikamsomea barua yako mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Nani kamwambia alale?" Nikasema ni mimi. Akanitazama, Mama, sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.

Akasema ufa wenyewe wa nyonga, kwa mtu wa umri wako, hauui. Kinachoua ni kitanda. Kifua kinajaa, ngozi inachanika, damu inaganda miguuni na kupanda juu. Akasema skrubu, ziwe za roboti au za mkono, kazi yake kubwa ni kupunguza maumivu ili mgonjwa asimame mapema. Mimi nimechukua dawa yenyewe nikakunyang'anya, kisha nikakuahidi mashine. Mtu si mashine, Mama. Nilidhani najua hilo.

Mguu huo usikandwe tena! Mwambie mama mdogo aondoe mikono yake. Upelekwe kwa Kobe leo hii, atazame kama damu imeganda.

Nilimpigia mama mdogo mara tu nilipotoka pale. Nikapiga kelele inuka, inuka. Akanijibu, "Dada anasema sauti inaweza kuwa ya yeyote, andika." Nikalia kwenye simu, akasema hata matapeli hulia. Ndiyo maana barua hii inapanda basi la sasa hivi, na dereva nimemsihi aikabidhi mkononi.

Mimi mwenyewe nilitaka kupanda basi hilo hilo. Lakini spea imefika, na kesho kutwa mama wa mtu mwingine anaingizwa chumba cha upasuaji, amesubiri kama wewe. Ni mimi tu hapa ninayeweza kuipima roboti na kuweka sahihi kabla haijamgusa. Nikiondoka, naye ataendelea kulala. Sijui kama nafanya sawa.

Inuka, Mama. Shika fremu. Nakuomba.

Mwanao


25 Machi

Bisibisi,

Salamu zako nimezipata, nami nakurudishia. Naandika nikiwa hospitalini, nimeegemezwa mito.

Barua yako ilifika na dereva mwenyewe, viatu vyake vimejaa tope. Mama yako mdogo aliisoma, akakaa chini, akajiita muuaji mpaka nikamwambia anyamaze, mgonjwa ni mimi. Wakanibeba.

Damu ilikuwa imeganda kweli. Kobe anasema ingepanda mapafuni tusingekuwa tunaandikiana. Sasa nachomwa sindano za tumboni za kuilainisha. Mimi niliyechoma vitambaa vya watu maisha yangu yote, nimepatikana.

Nimesimama mara moja. Wawili wamenishika, nikapiga yowe wodi nzima ikageuka, nikaketi. Maumivu hayo hata dawa hayaisikii. Kobe anasema basi, damu ikitulia, skrubu haziepukiki. Ananiuliza nataka wapi.

Nimekukasirikia, mwanangu. Sijakukasirikia hivi tangu ulipofungua redio ya marehemu baba yako ukairudishia na parafujo zikabaki mkononi. Naogopa pia. Nikifumba macho najiona nimelala vile vile na mabati yale. Kwa hiyo usinibembeleze, nijibu kama fundi anavyomjibu fundi. Huyo roboti wako anapima vizuri, nimekubali. Lakini anayesukuma skrubu ni nani? Na baada ya hapo nani atatembea vizuri zaidi, wa roboti au wa mkono?

Niandikie. Bila maandishi yako sitii sahihi popote.

Mama


28 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Anayesukuma skrubu ni daktari. Roboti inashika mwelekeo tu, kama wewe unavyochora chaki kabla ya mkasi. Mama wa yule mtu mwingine alifanyiwa, nikiwa pembeni. Skrubu zilikwenda zimenyooka, picha za eksirei zilikuwa chache, na Rula alitoka hana jasho. Nilifurahi. Kisha nikatoka nje nikalia, kwa sababu si wewe.

Swali lako la pili nilimpelekea Rula kama lilivyo. Akasema mkono uliozoea nao hufika, kwa picha nyingi zaidi na jasho zaidi. Roboti inapunguza makosa njiani, na hilo si dogo. Lakini kwa wagonjwa aliowaona yeye, skrubu zikikaa vizuri na mtu akiinuliwa mapema, miezi ikipita humtambui nani ni wa roboti na nani wa mkono. Unamtambua aliyecheleweshwa.

Nikamuuliza kuhusu Kobe. Kumbe anamjua, walisoma pamoja. Akacheka: "Kobe? Huyo hasukumi mpaka awe na hakika. Tulikuwa tunamsubiri mpaka chakula kinapoa."

Kuja huku ni kutwa nzima na usiku ndani ya basi, umekaa, na mguu ule. Safari hiyo siitaki. Mashine hii ndiyo kazi yangu na fahari yangu, Mama, nilitaka ikuguse wewe kuliko mtu yeyote. Lakini andiko langu ni hili: fanyiwa hapo hapo, na Daktari Kobe, kwa mkono wake. Kisha wakikuambia simama, simama, hata ukinitukana.

Bisibisi


6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo tena mama mdogo kaniambia kwenye simu "kafanyiwa, kaamka, anakusalimu." Nimemwambia nashukuru. Kisha nikaketi nikagundua kwamba simwamini. Ndivyo ulivyonilea, nami nataka maandishi. Hata neno moja.

Ruhusa nimepata mwisho wa mwezi. Kila basi la mizigo likiingia nakwenda stendi, makarani wameshanizoea.

Mwanao


19 Aprili

Kwako Bisibisi,

Hujambo? Umetulia? Najua hujatulia, dereva kaniambia unamvamia kabla hajazima gari.

Nisamehe kwa kukuchelewesha. Nilijiapia kwamba barua ya kwanza baada ya skrubu sitaiandikia kitandani, na kitanda kilikuwa kinang'ang'ania. Utaona mwandiko unakwenda upande. Si ugonjwa. Naandika nimesimama, kwenye meza ya kukatia, tumbo nimeliegemeza mbao, fremu iko nyuma yangu. Hiyo fremu nimeipa jina Roboti, kila mtu awe na wa kwake. Nikichoka nakaa, nikipumzika nasimama tena. Ndiyo maana wino una rangi mbili, hii ni barua ya jana na leo.

Kobe alichukua muda mpaka wauguzi wakakonda. Skrubu mbili, mkono wake, jasho lake. Siku iliyofuata akanisimamisha mwenyewe. Nilimtukana kama ulivyoniruhusu, akasema asante. Bado inauma. Bado namezeshwa dawa za damu, na za kuimarisha mifupa pia. Kuna asubuhi naogopa kukanyaga, naogopa hasa, ila nakanyaga.

Barua yako ya ukutani mama yako mdogo alitaka kuichoma moto. Nikamkataza. Karatasi nzuri ngumu vile? Nimeikata patroni ya kola, namshonea Kobe shati. Hasira nazo zilikatika humo humo, usizitafute tena.

Sasa oda yangu kwako, nayo nimeiandika. Ukifika, mlango utaukuta umefungwa. Mama yako mdogo nimemwambia asiuguse. Najua ulivyo, utagonga, utagonga tena, utazunguka dirishani. Usifanye hivyo. Gonga mara moja, kisha tulia hapo nje usubiri.

Nakuja kukufungulia.

Mama yako