Mtani Aliyeingia Kaburini Ugiriki

Nyakabanda, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na huo mguu wako nao nausalimia, maana nasikia umeanza tena ukaidi. Dawa unakunywa kweli, au unamdanganya dada kwamba umekunywa? Mimi mzima kabisa, nimenenepa hata ile sketi ya kijivu haifungi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe ni "haya, haya" mpaka mtandao unakatika, na habari hii haitaki haya haya. Vaa miwani, kaa chini. Tumeshinda, Mama! Mwanao ameshinda! Tumeshinda nini, sikwambii mpaka nianze mwanzo, na usiruke mistari.

Kazi yangu unawaambia majirani kwamba niko "kwenye kompyuta", basi. Leo nikueleze vizuri. Kuna mchezo mkubwa wa kompyuta, wenyewe wako Ulaya, unaohusu Ugiriki ya zamani sana, ile ya mikuki na miungu mingi. Anayecheza anakuwa askari, anazunguka visiwani, anapigana, anasaidia watu. Mchezo wenyewe ulishamalizika na kuuzwa. Sasa wanauongezea visa vifupi vya kando, kila kimoja cha kama saa moja hivi, kama mteja anayerudisha gauni kwa fundi liongezewe mifuko. Kisa kimoja walitupa sisi, ofisi ya watu sita hapa Kinyinya, na wa kukiandika nikawa mimi. Cha kwanza maishani mwangu! Kikikubaliwa, tunapewa vingine na kazi inaendelea. Kikikataliwa, ofisi inafungwa na mimi narudi Tabora na begi langu.

Nikaandika kisa cha mfinyanzi mzee wa kisiwa kidogo. Amefariki, wanawe wako vitani, mjane yuko peke yake, na askari wetu anasaidia kumzika. Nikajiambia mazishi nayajua, si tulimzika Baba mwaka juzi? Nikaweka kila kitu: wanawake wanaoomboleza, wanaume wanaochimba, mjane aliyekaa chini macho makavu. Nikasema hapa watu watalia mpaka wakome.

Mama, walipiga miayo. Tuliwaita watu wa mtaani kwangu waje wakijaribu, na mmoja wao ni kinyozi anaitwa Fabrice, hodari wa michezo hii. Alipofika kwenye maombolezo akanigeukia. "Dada, mazishi hii inaisha saa ngapi?" Akaweka chini kile kidude cha kuchezea, akatoka kwenda kununua chapati. Na wenzake wakamfuata! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi wetu Claudine, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, hakunigombeza. Alisema tu, "Nyamizi, hii kisa iko na kaburi, iko na maiti, lakini mutu haiko ndani." Tulikuwa tumebakiwa na siku kumi za kukituma Ulaya.

Siku mbili niliandika nikafuta. Siku ya tatu niko nafua, mikono ndani ya povu, nikajiuliza: wewe Nyamizi, umeandika mazishi ya Baba yote, mbona Mzee Kondo umemtoa?

Unakumbuka, Mama. Jirani yetu, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za mababu, mwenye haki ya kututukana hata msibani. Alitokea pale makaburini amevaa koti la Baba na kofia yake, anachechemea kama Baba, anafoka kama Baba: "Nani amegusa redio yangu?" Akateremka kaburini, akalala chali, akatangaza kwamba Mnyamwezi huyu hazikwi mpaka yeye apewe jogoo. Watu walishaanza kucheka. Na wewe mdomo ulishaanza kukutikisika, niliuona. Mimi sasa, msomi wenu, nikaona aibu mbele ya wenzangu wa chuo. Nikamvuta mkono mzee wa watu, nikamwambia avue koti la Baba atoke. Akavua, akalikunja vizuri, akanipa, akaenda zake. Ukaukaza tena uso, ukamzika mumeo bila chozi, na chozi lile sijaliona mpaka leo.

Basi nikamrudisha. Kwenye kisa anatoka kisiwa cha jirani. Visiwa hivyo vilipigana zamani vikapatana, ndiyo maana watu wake wanataniana. Analala kaburini, anaiga mwendo wa marehemu, anadai mtungi mkubwa kuliko yote. Anayecheza ana ruhusa ya kumfukuza. Lakini akimfukuza, mjane hainuki pale alipokaa, na mazishi hayaendi popote mpaka umfuate mtani njiani, umwombe radhi, umrudishe.

Claudine akakataa katakata. "Oya! Hapa sisi tulizika watu mingi, Nyamizi. Kuchekea kaburi, hapana." Ana haki. Mimi nimezika mmoja tu. Nikamwomba jambo moja: akicheze mwenyewe kwanza, halafu akitupe akitaka.

Akakaa, uso umekunjamana. Mtani akaingia kaburini, Claudine akamnyooshea mkuki, akamfukuza, sawasawa na nilivyofanya mimi. Mjane akabaki vilevile. Claudine akamzunguka, akamsemesha, wapi! Mwishowe akatoka kumfuata mtani, akamkuta kakaa juu ya jiwe, akamrudisha. Mtani akaanza kufoka kwa sauti ya marehemu, nani amegusa udongo wangu, na mjane kicheko kikamtoka bila ruhusa yake, halafu akaangua kilio. Claudine akaziba mdomo. "Mana yanjye," akasema, Mungu wangu, huku anacheka na machozi yanamdondoka kidevuni. Kisha akaniambia, "Mama yangu alikuwa anaimba mubaya sana kanisani. Siku ya kumuzika hakuna mutu alisema ile. Wangesema."

Kikatumwa hivyo hivyo. Kabla ya hapo tulimwita tena Fabrice na wenzake, na siku hiyo chapati hazikununuliwa. Kule Ulaya wana mzee wao wa historia, akauliza kama Wagiriki wa kale walikuwa na watani. Nikamjibu kweli tupu: sijui, lakini kisiwa tumekibuni wenyewe, na jirani mwenye maneno hakosekani popote duniani. Hakuuliza tena.

Majibu yalikuja Alhamisi asubuhi, chai hatujamaliza. Claudine akasimama kusoma: kisa kimepita, halibadilishwi hata neno, na wanataka viwili zaidi. Mama, zilipigwa kelele! Mafundi wa jengo la jirani waliacha zege wakaja kuchungulia kama kuna moto. Claudine alininyanyua juu, yule mwembamba, sijui nguvu alizitoa wapi. Mkataba wa miaka miwili tumeshatia saini, na kisa kikiisha jina langu linapanda kwenye kioo, Nyamizi, herufi kubwa. Jumamosi nilipanda basi mpaka Kabuga, pembeni mwa mji, sina shughuli yoyote kule, nilikwenda kuringa tu. Nikanunua parachichi tatu, nikarudi.

Lakini nikwambie ukweli, Mama. Katika furaha yote hii kuna jambo haliniachi. Yule askari wa Ugiriki alimfuata mtani njiani. Mimi sikumfuata. Nilikunyima kicheko chako na nikakunyima na kilio chako, nikaona nimekutunzia heshima. Nisamehe.

Nakuja Krismasi, ruhusa nimeshapewa. Koti la Baba litoe kabatini, lianike jua, litakuwa na harufu ya dawa ya nondo. Siku tutakayokwenda kupalilia kaburi nataka livaliwe. Wewe utakaa kwenye mkeka na mguu wako umenyooka, na mimi nitakaa nyuma yako, mikono nimeikalia.

Nisalimie dada, anayekuvumilia kila siku. Mjomba fundi baiskeli mwambie ile kofia aliyoagiza nimeipata. Shangazi wa Urambo mpe pole ya mafua, na mama mkwe wa dada mwambie sijaolewa bado, aache kuuliza.

Mzee Kondo usimpe salamu zangu. Hizo nitamletea mwenyewe, na jogoo.

Binti yako anayekupenda,
Nyamizi