Alama ya Kidole Chako

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikasubiri, kwa mazoea tu, kana kwamba utaitikia.

Leo nimeishusha ndege yetu ndogo ya rimoti kutoka juu ya kabati. Ni ile ya mwisho, uliyoiacha imebakiza bawaba moja ya kubandika kwenye bawa la kushoto. Mama aliniuliza, "Unaishusha ya nini? Si ungeiacha ipumzike?" Nikaiweka mezani. Tangu tukuzike tumekuwa tukiipita kama mgeni aliyelala sebuleni.

Unaikumbuka ya kwanza? Watu wa Ujiji walijaa kututazama, wewe mtumishi wa serikali kutoka Iringa na binti yako, tumeshika rimoti. Ikapaa vizuri, ikagoma kugeuka, ikaenda zake ziwani. Wavuvi waliirudisha wakicheka, wakiifananisha na samaki wa ziwa lao mwenye mafuta mengi: "Mzee, mgebuka gani huyu asiye na mafuta?"

Ulicheka nao. Nyumbani ukagundua gundi ilikuwa imepenya kwenye bawaba, kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoigeuza ndege kikakakamaa. "Imelewa gundi," ukasema, "na kweli haina mafuta." Tangu hapo hukubandika bawaba bila kuipaka kwanza mafuta ya mgando pale inapokunjika. Ulikuwa ukichota ya Mama ya kujipaka, naye akagomba mpaka ukanunua kopo lako. Unapaka kwa kidole, unachomeka bawaba, unangoja gundi ikauke, kisha unapuliza. Kibao kikicheza kwa pumzi tu, unasema, "Inaruka hii."

Halafu kifua kikaanza kukusumbua, na pumzi zikawa haba. Jioni moja kitandani ukanishikisha bawa. "Nipulizie wewe, mwanangu." Nikapuliza, kikacheza, ukatabasamu. Ilibaki bawaba moja. Ukasema tutaimalizia kesho. Hatukuimalizia, Baba.

Kilichonichelewesha si ndege, ni kopo. Nilipolifungua baada ya mazishi nilikuta mfuo wa kidole chako kwenye mafuta, mpana, umepinda kidogo mwishoni. Nikalifunga haraka na kumkataza kila mtu kuligusa. Nilinunua hata kopo lingine dukani, lakini roho ilikataa. Bawaba zote za ndege hii zina mafuta uliyoyachota wewe, na hii moja ingekuwa yatima kati ya wenzake. Nami najua yatima anavyojisikia.

Kwa hiyo leo nimelifungua. Nimelaza kidole changu ndani ya mfuo wako, kikapwaya, nikachota palepale. Alama yako imefutika. Nimelia sana, sitakuficha. Nikapaka, nikachomeka, nikakaa kungoja gundi.

Kisha nikapuliza, Baba, na kibao kikacheza. Nilitaka kusema yale maneno yako, nikawahiwa. Ni Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ndiye aliyeyasema:

"Inaruka hii."

Pumzika sasa, Baba.

Mimi, binti yako